Kengele ya Saa Kumi Usiku Haifundishi

Muhula uliopita mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, aliniomba vitu viwili: tochi ya kusomea chini ya blanketi, na kahawa kavu ya kutafuna ili asisinzie. Nilimpelekea sabuni na madaftari. Tochi na kahawa nikamnyima. Alikasirika, akadhani ni ubahili. Insha hii ni jibu langu kwake, na pia kwa walimu wanaopiga kengele saa kumi usiku wakidhani kwamba wanafundisha.

Kila aliyesoma bweni hapa Uganda anaijua desturi hiyo. Wanafunzi huamshwa kabla ya jogoo kuwika, wakaingia prepu ya alfajiri. Kisha masomo ya mchana kutwa, na baada ya chakula cha jioni prepu nyingine mpaka saa nne au saa tano usiku. Wanaotaka kusifiwa hubaki darasani hata baada ya hapo, miguu wameitia katika beseni la maji baridi ili usingizi uwapite. Mimi nilikuwa mmoja wao. Beseni langu lilikuwa jekundu, na nililitunza kuliko kamusi yangu. Mchana mwalimu alipofundisha, nililala macho wazi. Usiku nikakesha nikitafuta kile nilichokuwa nimekipoteza mchana.

Je, nilikuwa nikifanya nini katika saa hizo zote? Nilikuwa nikisoma daftari lile lile tena na tena, nikipiga mistari kwa kalamu nyekundu, mpaka maneno yakawa mazoefu machoni. Hapo ndipo tunapodanganyika. Jambo likizoeleka machoni tunasema tunalijua, kumbe tunalitambua tu, kama mtu unayemwona sokoni kila wiki wala humjui jina.

Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hutupotea mapema sana, ndani ya siku ya kwanza. Alionyesha pia kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hushinda kurudia kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Wengine waliyasoma upya. Wengine waliyaweka kando wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma upya ndio waliofanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mwanafunzi wa beseni ni yule wa dakika tano. Mtihani wa taifa haumngojei mlangoni dakika tano baada ya prepu.

Natoa ushahidi wangu pia. Nilipokuwa kidato cha nne niliweza kuandika jedwali lote la ngeli bila kukosea. Likizo ilipofika nilifuatana na shangazi kwenda Busia, tukavuka upande wa Kenya kununua vifaa vya shule. Muuzaji aliniuliza, "Unataka madaftari ya kurasa ngapi?" Nilijua kwamba ile "ya" ni ya ngeli ya LI-YA. Jibu lenyewe halikutoka. Nilisimama kama ninayengoja kupewa majibu manne nichague moja. Shangazi yangu, ambaye hakuingia sekondari, ndiye aliyejibu. Alijifunza Kiswahili kwa kuuza ndizi, akikosea leo na kusahihishwa kesho. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule zetu. Jambo jema! Lakini tukikifundisha kwa beseni, tutapata taifa linalojua ngeli zote na lisiloweza kununua daftari.

Najua watakaonipinga. Watasema, "Mchumia juani hulia kivulini." Nakubali. Lakini methali inamtaja anayechuma, haimtaji anayekaa tu juani. Watasema pia kwamba vitabu ni vichache, darasa lina wanafunzi wengi, na wazazi huchagua shule kwa kutazama matokeo ya gazetini. Hayo yote ni kweli, nami siwalaumu walimu kwa umaskini wasiouleta. Lakini kufunga daftari na kujiuliza maswali hakugharimu shilingi hata moja. Kukesha ndiko kunakohitaji taa, kahawa na dawa za maumivu ya kichwa.

Wengine watasema mtihani wenyewe unataka kukariri. Hata hilo limebadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Mtaala huo unamtaka mwanafunzi atumie maarifa kutatua tatumbo la maisha analopewa. Mtihani umebadilika, kengele haijabadilika.

Basi, mdogo wangu, fanya hivi. Ukitoka darasani, funga daftari, uandike kwenye karatasi yote unayoyakumbuka. Kisha fungua, ujisahihishe. Palipo na pengo ndipo pa kusoma. Rudia somo hilo kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Karatasi za mitihani iliyopita zijibu kwanza, ndipo utazame majibu. Usiyakariri kama wimbo. Mweleze mwenzako somo kwa maneno yako mwenyewe. Ukikwama, umejua ulipo udhaifu wako. Na ulale. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa nane hadi kumi. Anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi amelala saa tano tu, na ubongo hupanga mambo uliyojifunza ukiwa usingizini.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Sogezeni kengele hiyo mpaka saa kumi na mbili kwa muhula mmoja tu, na wakati wa prepu ya usiku muwape wanafunzi maswali badala ya ukimya. Mwisho wa muhula linganisheni alama. Mkiona zimeshuka, irudisheni kengele yenu, nami nitamnunulia mdogo wangu tochi, kahawa, na beseni jipya.