Mchezo Uliokabwa Koo

Lugha hutoa ushahidi hata pale wasemaji wake wasipokusudia. Mchezaji apitishaye mpira juu ya kichwa cha mpinzani, kisha akaupokea upande wa pili, twasema amempiga kanzu. Aupitishaye katikati ya miguu amempiga tobo. Ampotezaye kwa hila ya mwili amempiga chenga. Maneno haya yana kicheko ndani yake, na hata aliyetendewa huweza kucheka. Lakini kazi inayosifiwa mno katika kandanda ya siku hizi, ya kumwandama mpinzani mpaka langoni pake kabla hajainua uso, tumeiita kukabia juu. Kukaba ni kushika koo. Mwizi hukaba, fundi hakabi. Neno limekwisha kutoa hukumu, nami nitaeleza sababu zake.

Sikatai kwamba mpango una faida. Watu kumi na mmoja wasio na utaratibu ni kundi, si timu. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilipobadilishwa, idadi ya wapinzani waliotakiwa mbele ya mshambuliaji ikashuka kutoka watatu mpaka wawili. Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha hafu wa kati nyuma awe beki wa tatu. Alifanya hivyo kwa haja. Lakini haja ya Chapman iligeuka kuwa dini ya waliomfuata. Tarehe 25 Novemba 1953, katika uwanja wa Wembley, Hungaria iliifunga Uingereza mabao 6 kwa 3. Nándor Hidegkuti alivaa namba 9 mgongoni, lakini alicheza nyuma, mbali na mahali namba hiyo ilipozoewa. Harry Johnston, aliyekuwa na wajibu wa kumlinda, hakujua amfuate au abaki mahali pake, na Hidegkuti akafunga mabao matatu. Johnston hakupungukiwa na nguvu wala ushujaa. Alipungukiwa na ruhusa ya kufikiri. Mtu ataniambia kuwa Hungaria nayo ilikuwa na mpango wake. Kweli, ila mpango wa Hungaria ulimtumikia mchezaji, na ule wa Uingereza ulitumikiwa naye.

Kukaba nako si jambo la jana. Viktor Maslov alikufundisha Kyiv katika miaka ya 1960; Rinus Michels alikuwa nako Ajax na katika timu ya Uholanzi ya mwaka 1974. Lakini Waholanzi wale waliunyang'anya mpira ili wapate kuucheza. Leo kunyang'anya kwenyewe kumevikwa taji. Jürgen Klopp amepata kusema hadharani kwamba hakuna mchezeshaji duniani awezaye kuushinda ukabaji mwema unaofanywa mara tu mpira upoteapo. Asemaye hivyo amekiri kwamba kosa la jirani ni bora kuliko ubunifu wa nafsi. Ni sawa na mshairi anayengoja wenzake wakosee vina ili ahesabiwe kuwa mtunzi.

Watetezi watajibu kwamba wakabaji hushinda, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Sibishi: Liverpool ya Klopp ilitwaa kombe la Ulaya mwaka 2019 na ubingwa wa Uingereza mwaka 2020. Lakini mchezo si nyoka wa kuuawa. Na tukitaka ushahidi wa ushindi, mwaka 2022 Argentina ilitwaa Kombe la Dunia, na Lionel Messi, nahodha wake, alionekana mara nyingi akitembea polepole wakati wenzake wakikimbia. Alikuwa akitazama. Wenzake walikimbia ili mmoja apate kufikiri. Mwalimu wa kukaba ataka wote wakimbie, na kufikiri kubaki kwake yeye, aliyesimama kando ya mstari.

Tena mzigo huo haulingani. Kukimbia hivyo kwa dakika 90 kwachosha misuli upesi. Tangu mwaka 2022 sheria inaruhusu kudumu wachezaji watano wa akiba kuingia badala ya watatu. Mwenye akiba tajiri huingiza mapafu mapya, na maskini hubaki na yaliyochoka. Kilichoitwa maarifa kwa sehemu kubwa ni wingi wa mali.

Lakini hasara kubwa haimo katika makombe. Imo katika viwanja vya watoto, ambako mtoto wa miaka minane hufundishwa mahali pa kusimama kabla hajaujua mpira, na akijaribu chenga ikamshinda huzomewa kwa kuvunja mpango. Mtoto huyo atakuwa mtiifu, naye atakaba vizuri. Siku itakayohitajiwa jambo lisilomo katika mpango, atamtazama mwalimu wake, kama Johnston alivyobaki akijiuliza pale Wembley. Waalimu wa watoto na wamwache kwanza aupoteze mpira mara mia. Mfumo waweza kungoja, kipaji hakingoji.