Guta Humtuma, Chama Humrudisha

Mwenye mtumbwi pale Guta, huku kwetu Bunda, akimkabidhi mtu nyavu, na yule mtu akashinda mwaloni bila kushuka ziwani, atanyang'anywa nyavu wiki hiyohiyo. Mbunge husubiriwa miaka mitano. Asiyesubiri ni chama: Ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakuwa wazi. Mwaka 2015 Zitto Kabwe alipoachana na chama chake, CHADEMA, ubunge wake wa Kigoma Kaskazini uliishia hapo, na waliompigia kura hawakuulizwa. Lakini Ibara ya 8 inasema Serikali hupata mamlaka yake yote kwa wananchi. Sioni ibara hizi mbili zinavyokaa nyumba moja.

Bunda tuna historia na suala hili la nani anaweza kumwondoa mbunge. Mwaka 1995 Stephen Wasira alimshinda Joseph Warioba katika uchaguzi wa ubunge hapa. Warioba akaenda mahakamani, ushindi ukatenguliwa. Ila mahakama hupima ubunge ulivyopatikana, si ulivyotumika. Warioba huyohuyo ndiye aliyeongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, na rasimu aliyomkabidhi Rais Kikwete Desemba 2013 iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao, mathalani akihama jimbo zaidi ya miezi sita bila sababu ya msingi. Ikaweka pia ukomo wa vipindi vitatu. Bunge Maalum la Katiba, ambalo zaidi ya nusu yake walikuwa wabunge, likayafuta yote mawili katika Katiba Inayopendekezwa ya Oktoba 2014. Walijiamulia kesi yao wenyewe.

Wapo wanaohofu kwamba walioshindwa uchaguzi wataitumia haki hiyo kulipiza kisasi. Hofu hiyo ina mashiko. Kenya iliizingatia kupita kiasi: Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010 ilitoa haki, kisha sheria iliyotungwa na wabunge ikadai saini za asilimia 30 ya wapiga kura, na kwanza hukumu ya mahakama dhidi ya mbunge. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikabatilisha sehemu ya masharti hayo. Hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo.

Ndiyo maana nataka kiwango cha saini, sababu na muda viandikwe ndani ya Katiba yenyewe, visiachiwe Bunge. Na haki hiyo inahitajika kati ya uchaguzi na uchaguzi: wakazi wa Nyatwali, hapahapa Bunda, walipotakiwa kuhama ili wanyama wa Serengeti wafike ziwani, hesabu za fidia hazikungoja Oktoba ya uchaguzi.