Tahadhari Ililala Ofisini

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya majira ya baridi iliisukuma Bahari ya Kaskazini hadi ikayavunja matuta ya kukinga maji kule Uholanzi. Watu 1,836 walikufa, idadi kubwa zaidi ikiwa jimboni Zeeland. Wapo watakaosema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikubali. Idara ya hali ya hewa ilikwishatoa tahadhari jioni ile, ila redio ilizima mitambo saa sita usiku kama ilivyo ada, na ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa; ilikuwa Jumamosi! Mhandisi wa serikali, Johan van Veen, alikuwa ameonya miaka kadhaa kabla kwamba matuta ni mafupi mno. Fedha za kuyainua zilipatikana baada ya mazishi.

Nayasema haya nikiikumbuka Katesh, ambako tope la Mlima Hanang liliteremka asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Utabiri wa mvua za El Niño ulikwishatangazwa miezi kabla. Nawauliza watumishi wa umma mnaonisoma: katika wilaya yenu, ni afisa gani mwenye wajibu wa kugonga milango usiku?