Naikumbuka kambi, na msinipe pole

Najua nimekaa kimya sana, karibu wiki tatu, na kuna watu wameshaanza kuniuliza kama nimeolewa. Sijaolewa. Niko kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya msingi hapa hapa Louisville, darasa la tatu, na jioni bado naenda ghalani kupanga vifurushi mpaka saa tano usiku. Nikirudi hata kuvua viatu ni kazi. Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu, acha niliseme leo nipate kulala.

Mwalimu ninayemsaidia (mama mzuri sana, mvumilivu, simsemi vibaya) aliwagawia watoto karatasi akawaambia wachore mahali wanapopapenda. Sasa pale darasani kuna mtoto mmoja wa kiume, alifika Marekani mwaka 2024 akitokea Nyarugusu. Siku ya kwanza aliponisikia nazungumza Kiswahili alitaka kunirukia shingoni. Akainama akachora. Nyumba ya matofali ya udongo, juu turubai. Bomba la maji, na foleni ndefu ya watu na ndoo na madumu. Pembeni mpira, ule wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Jua kubwa kupita kiasi. Hata vumbi alilichora, kwa kusugua ile penseli nyekundu chini yote ya karatasi.

Mwalimu akapita, akasimama, uso ukabadilika. Akamshika bega, akamwambia kwa upole kabisa: pole mwanangu, sasa uko salama, jaribu kuchora kitu cha furaha.

Jamani. Hicho ndo kilikuwa kitu chake cha furaha!

Mtoto akaniangalia, nikaangalia chini. Akageuza karatasi akachora nyumba yenye bomba la moshi na maua mlangoni, nyumba ambayo si yeye si mimi tumewahi kulala ndani yake. Akasifiwa. Na mimi niliyezaliwa kambi hiyo hiyo, niliyepanga foleni kama hiyo nikiwa na dumu langu la njano, sikufungua mdomo. Nikajiambia mimi ni mwanafunzi tu, sitaki matatizo kwenye ripoti yangu.

Tangu siku ile najiuliza: hivi kuna sehemu zilizoruhusiwa kukumbukwa na nyingine hapana? Ninayekaa naye chumbani ametoka Dar. Yeye akianza kuikumbuka Kariakoo na chipsi mayai, watu wanacheka, wanamuuliza maswali, mwingine anasema siku moja lazima nifike huko. Nikisema mie nimeimisi Nyarugusu, kimya. Halafu "pole". Naona hata marafiki zangu wa karibu hawajui waangalie wapi. Kama vile nimesema nimeimisi jela au hospitali.

Msinielewe vibaya, siisifii kambi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, na wazazi wangu walifika wakati huo wakiwa vijana, wamevuka ziwa kutoka upande wa Fizi wakidhani watakaa miezi michache. Mimi nimezaliwa 2003. Kumi na tano yangu yote ya mwanzo ilipita mahali ambapo mtu haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Nakumbuka mgao ulipopunguzwa mwaka 2017, mama anapima unga kwa kikombe cha chai. Nakumbuka malaria. Nakumbuka wasichana wakubwa wakienda kuokota kuni wanakwenda kwa kundi, na sababu yake tuliijua wote hata tuliokuwa wadogo. Baba alikuwa mwalimu kwao, na kambini aliendelea kufundisha, kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, kwa malipo ambayo hata wao hawakuyaita mshahara, waliyaita motisha. Mtu akiniambia kesho rudi ukaishi kule, nitakataa mchana kweupe.

Lakini nimeimisi! Saa nne asubuhi unasikia vinu, huku wanatwanga sombe, kule wanatwanga sombe, unajua tayari leo kijiji kizima kitakula nini. Jumamosi jioni kwaya zinafanya mazoezi, na kwaya kwetu ilikuwa si mchezo, ilikuwa na wapinzani kama timu ya mpira. Ukikosea njiani, mama yeyote anakuchapa, halafu anakwenda kumwambia mama yako, unachapwa tena. Kuongea Kibembe, Kiswahili na Kifaransa ndani ya sentensi moja na hakuna anayekuuliza unatoka wapi, maana wote tulikuwa tunatoka pale pale.

Tulifika hapa Desemba 2018. Nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, joto, friji imejaa. Kilichonitisha ni ukimya. Mtu anafunga mlango, amefunga kweli. Mama alikaa dirishani wiki ya kwanza nzima akihesabu watu wanaopita, jioni anamwambia baba: leo wamepita saba.

Na nataka niseme kitu kuhusu umri, hasa kwa wenzangu mnaosomea ualimu wa sekondari. Ukihama ukiwa na miaka 15 umepatikana. Wadogo zangu walikuwa na 6 na 8, baada ya mwaka mmoja wanaota kwa Kiingereza. Wazazi wao wana kwao kumekaa kichwani, kamili, wanaweza kukuelekeza nyumba ya nani iko karibu na mwembe wa nani. Mimi niko katikati. Nilipelekwa darasa la tisa kwa sababu ya miaka yangu, hesabu nazijua lakini swali lenyewe silielewi, nakaa na watoto walioanza kujuana toka chekechea. Saa ya chakula nilikuwa nakwenda maktaba nikajifanya nasoma. Lugha ilikuja, mwaka na nusu hivi ikaja. Kilichobaki ni kwamba siku hizo sikuwa na wa kumwambia ninachokililia, hata nyumbani kwetu.

Maana nyumbani ndo kugumu zaidi. Baba akikumbuka, anakumbuka Fizi. Ziwa, samaki, milima, mashamba ya babu yake. Mie Fizi sijaiona hata siku moja. Mlima wa Kongo niliouona ni wa kwenye simulizi. Basi siku moja tuko mezani, mwaka jana wake huo, nikasema "kule kwetu mvua ikianza..." na baba akacheka. Akasema kwenu wapi, kwenye turubai? Hakusema kwa ubaya, baba yangu si mtu mbaya. Lakini nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kwa baba, kambi ilikuwa sehemu aliyosubiria maisha, miaka 22 ya kusubiri. Akikubali kwamba pale palikuwa kwetu, sijui, labda ni kama kukubali kwamba miaka hiyo ndiyo ilikuwa maisha yenyewe. Namuelewa. Ila mimi sikuwa nasubiri chochote. Mimi nilikuwa mtoto, nacheza.

Makaratasi ndo yakaja kutuchonganisha kabisa. Mkimbizi hapa akimaliza miaka 5 anaweza kuomba uraia, na mwaka 2024 nikaomba. Fomu inauliza ulizaliwa nchi gani: Tanzania. Wewe raia wa nchi gani: Kongo. Nikaangalia yale majibu mawili nikacheka peke yangu. Tanzania nilizaliwa, nimekula mahindi yake, Kiswahili changu kimeoshwa na majirani wa Makere, lakini sikuwahi kuwa raia wake. (Najua inawezekana, mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000, wale waliokimbia 1972. Sisi wa 1996 bado hatujafika kwenye mstari huo.) Na Kongo sasa: sheria yao ya mwaka 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Kwa hiyo siku niliyonyanyua mkono kuapa hapa, niliiacha nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Unaachaje kitu ambacho hujawahi kukishika? Na mbona kiliniuma?

Baba mpaka leo hajaomba. Anasema Kiingereza kinamshinda. Mwalimu wa Kifaransa, anayesoma gazeti la hapa kila asubuhi na kamusi yake pembeni, eti Kiingereza kinamshinda. Siku ile ya kiapo alivaa suti, akaja, akapiga picha na mimi. Kwenye gari wakati wa kurudi hakuongea mpaka tumefika.

Sitaki kuwachosha na ile habari ya nani ni nani. Watanzania wananiambia Kiswahili chako cha Kikongo, Wakongo wa Kinshasa wananiambia hujui Lingala wewe ni Mtanzania, wote wanacheka na mimi nacheka. Nimezoea. Nikisema "bugali" kwenye sherehe ya Watanzania narekebishwa kama mtoto. Haya.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Bibi yangu na shangazi bado wako kule. Faili lao lilichelewa letu, wakahojiwa, wakapimwa afya, mwishoni mwa 2024 wakaambiwa wajiandae. Mnajua kujiandaa kukoje kambini, unauza masufuria, unauza godoro, unagawa kuku. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya hapa ikasaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Mwezi huo huo wa kwanza Goma ikachukuliwa na M23, mwezi wa pili Bukavu. Mbele pamefungwa na nyuma panawaka moto. Bibi amerudi kwenye nyumba aliyokwisha igawa kwa maneno, akaomba sufuria kwa aliowauzia. Mpaka naandika haya hawajaitwa tena.

Ananitumia sauti kwenye simu ya shangazi, Jumapili kwa Jumapili. Nilimwambia bibi, naikumbuka sana nyumbani. Akanyamaza kidogo, nasikia jogoo nyuma yake. Akasema, mjukuu wangu, wewe si ndo umefika? Mbona unalia wewe tuliekutangulizia?

Sikuwa na jibu. Lakini kwa yule mtoto wa darasa la tatu naona jibu ninalo, na ndo maana nimekaa kuandika badala ya kulala. Tunafundishwa hapa chuoni kwamba mtoto aliyepitia magumu umpe usalama, umtulize. Sawa. Ila naona tunakimbilia kutuliza kabla hatujauliza. Unamwambia "sasa uko salama" wakati kwenye ile foleni aliyoichora kuna watu wake ambao bado wanashika ndoo leo asubuhi. Unampa pole kwa kitu alichokuwa anakuonyesha kwa fahari. Akipewa pole mara tatu, mara ya nne hatachora tena, atachora maua mlangoni kama alivyochora, na nyie mtaandika kwenye ripoti kwamba amezoea. Mimi waliandika hivyo hivyo, darasa la tisa, nikiwa najificha maktaba.

Basi Alhamisi nilijikaza. Nilimweleza mwalimu wakati wa mapumziko, mikono inatetemeka, kwamba mimi nimetoka kambi hiyo na ule mchoro wa kwanza nilivyouelewa. Alinisikiliza. Aliona aibu kidogo, akasema hakuwaza hivyo, akaenda mwenyewe kuitoa ile karatasi kwenye folda, akaigeuza upande wa kwanza, akaniambia kaa naye.

Nikakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni. Nikamuuliza, huyu wa mbele kwenye foleni ni nani? Akasema huyo yaya, huyo anapenda kuchomekea, watu wanamgombeza lakini hasikii. Na huyu? Huyo mama wa jirani, ana ndoo nne. Na huyu mdogo? Huyo mimi, siko kwenye foleni, mimi nachunga viatu vya wanaocheza mpira.

Halafu akaniuliza, mwalimu, wewe ulikuwa zoni gani? Nikamwambia zoni ya tano. Akakunja uso. "Aaa, kule! Kule maji si yalikuwa yanakatika kila siku?"

Nikamwambia hayakatiki kila siku, na zoni yetu ndiyo ilikuwa na kwaya. Akasema kwaya yao iliishinda yetu. Tukabishana mpaka kengele ikagonga.