Pleti za Timu za Mpira Marekani: Sadaka au Manunuzi?



Mwenye jamaa zake Seattle, katika jimbo la Washington kule Marekani, huenda ameshatumiwa picha ya gari yao na akashangaa kuona pleti ya namba yenye nembo ya Seahawks, timu ya mpira wa Kimarekani ya mji ule. Huku kwetu tungesema ni ushabiki tu, kama dereva wa daladala anavyobandika stika ya Simba au Yanga kwenye kioo. Lakini pleti ile inatolewa na serikali ya jimbo, inalipiwa zaidi ya pleti ya kawaida, na sehemu kubwa ya ziada hiyo inakwenda kwa wanafunzi wenye shida. Ndipo panapozuka suala: aliyelipa ametoa sadaka, au amenunua pambo la gari?

Tuanze na hesabu, maana kwenye fedha za watu hesabu ndiyo inayotangulia. Sheria ya jimbo iliweka ada ya dola 40 mara ya kwanza, juu ya ada nyengine za gari, na dola 30 kila mwenye gari anapohuisha. Kwenye zile 40 serikali inakata 12 za gharama zake, na kwenye zile 30 inakata 2. Kwa hiyo kila mara zinabaki dola 28. Tena pleti mpya inapoanzishwa, fedha za mwanzo hurudisha kwanza gharama za serikali za kuianzisha, ndipo walengwa waanze kupata. Makato hayo hayana ubaya kwa sababu hayakufichwa. Yameandikwa ndani ya sheria, na anayetaka atayasoma kabla ya kutoa senti yake.

Sheria hiyo hiyo imetaja pia nani apewe. Fedha za pleti ya Seahawks zimeelekezwa kwa InvestED, jumuiya inayosaidia wanafunzi wa sekondari wasio na uwezo ili wabaki shule au warudi waliokwisha kuacha. Utaratibu wake unafaa kutazamwa na kila anayeendesha mfuko wa misaada huku kwetu. Fedha zinawekwa shuleni, na mwalimu au mshauri anayemjua mtoto ndiye anayeona viatu vimechanika au ada imemshinda mzazi, akalimaliza jambo kimya kimya. Mtoto hapangwi foleni wala hapigwi picha.

Wazazi, hebu tujiulize ni mara ngapi tumeona mtoto yatima ameshikishwa daftari na pakiti ya tende mbele ya kamera, bango la mfadhili nyuma yake, na picha ikazunguka kwenye simu kisiwa kizima. Pleti ya Seattle imegeuza jambo. Anayeonekana barabarani ni mtoaji, na ikiwa kuna riyaa basi ni yake yeye na Mola wake. Mpokeaji kasitiriwa.

Sasa turudi kwenye suala lenyewe. Anayelipa anapata kitu mkononi, nacho ni pleti anayoipenda, na kwa sehemu hiyo yeye ni mnunuzi. Ile dola 28 akiinuia msaada kwa wanafunzi, inatarajiwa awe na ujira wake kwa kadiri ya nia yake. Asichoweza ni kuihesabu kuwa zaka. Zaka ina watu wake waliotajwa, na hailipwi kwa kununua kitu. Mwenye hali yenye utata zaidi ya hapo amuulize sheikh wa mji wake.

Jambo jengine linalosahaulika ni nani hasa anayestahiki shukurani. Seahawks kwa miaka mingi ilikuwa mali ya Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, aliyefariki 2018, tajiri mkubwa. Fedha za pleti hazikutoka kwenye mfuko wa mwenye timu. Timu imetoa nembo, na kila gari inayopita inaitangaza bure. Wanaolipa ni mwalimu, muuguzi na dereva wa teksi. Si haramu kwa timu kufaidika, lakini sifa isiende kwa asiyetoa.

Kwa Waarabu wa Ghuba jambo hili limechukua sura nyengine. Ramadhani ya 2023, Dubai ilinadi pleti, na moja yenye P 7 ikauzwa dirham milioni 55, ikavunja rekodi ya pleti namba 1 ya Abu Dhabi iliyouzwa dirham milioni 52.2 mwaka 2008. Fedha za mnada wa Dubai zilikwenda kwenye wakfu wa kulisha wenye njaa. Ni fedha nyingi kwa usiku mmoja, nami siwezi kuzidharau, ila matajiri wa namna ile ni wachache. Njia ya Seattle inataka maelfu ya watu wa kawaida wakumbuke kila mwaka. Udhaifu wake ni kwamba viatu vya mtoto vimefungwa kwenye ushabiki, na timu ikifungwa misimu mitatu mfululizo, wako watakaorudi kwenye pleti ya kawaida.

Kwetu Tanzania, anayetaka jina lake kwenye pleti alipandishiwa ada mwaka 2016 hadi shilingi milioni 10 kwa miaka 3, na fedha hizo ni za serikali. Pleti ya Simba au Yanga yenye fungu la wanafunzi ingepata wateja, sina shaka. Zanzibar ipo tayari Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye uzoefu wa kushika mali ya watu. Ugumu ungekuwa kuandika makato ndani ya sheria kabla pleti ya mwanzo haijauzwa, na kupata mwalimu wa Micheweni atakayenunua viatu bila ya kualika waandishi wa habari.

Ama jamaa wa Seattle aliyeuliza kama ni lazima apitie kwenye pleti, jibu ni kuwa si lazima. Asiyekuwa na haja ya nembo anaweza kuwapelekea InvestED dola 40 zake moja kwa moja, na zile 12 hazitakatwa.

Wallahu aalam.