Setilaiti haiungui ikaisha

Jamani, hii hadithi ya "itaungua yote angani, msijali" imenichosha. Watu wa setilaiti wanaisema, na sisi waandika programu, tunaojua vizuri kwamba kufuta faili si kuiondoa kwenye diski, tunaitikia kwa kichwa.

Inaungulia wapi? Hasa kwenye mesosfia, kilomita 50 hadi 85 hivi kutoka ardhini. Ni tabaka gumu kupima: ndege na baluni hazifiki, na setilaiti haiwezi kuzunguka chini hivyo, hewa itaiangusha. Kuingia humo ni kwa roketi ndogo za utafiti, zinazopita dakika chache tu. Hata San Marco 2, iliyorushwa karibu na Malindi mwaka 1967 kupima hewa ya juu, ilizunguka juu zaidi ya hapo. Yaani jalala letu jipya tumeliweka mahali tunapopajua kidogo kabisa!

Setilaiti ni alumini kwa wingi. Alumini ikiungua inageuka vumbi la oksidi. Makadirio yaliyochapishwa 2024 yanasema setilaiti ya kilo 250 inaacha kama kilo 30 za vumbi hilo, na laweza kuchukua hadi miaka 30 kushuka kwenye ozoni. Mwaka 2023 wanasayansi wa Marekani waliopima kwa ndege walikuta kama asilimia 10 ya chembe kubwa za asidi ya salfa katika stratosfia zina metali za vyombo vya anga.

Kuna watakaosema vimondo huanguka kila siku. Kweli, lakini vimondo vina alumini kidogo. Vingi ni silika, chuma na magnesi.

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Hapo nchi nzima ilipiga kelele. Vumbi halitoboi paa la mtu, kwa hiyo kimya.

Nani kasema tuzime intaneti ya setilaiti? Wengi mnaisoma hii kupitia Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, na kuna mahali hakuna mtandao mwingine wa maana. Lakini setilaiti hizo zimeundwa kuishi miaka 5 hivi, halafu zinachomwa, zinaletwa nyingine. Anayeomba leseni hapa aandike wazi: metali gani, kilo ngapi, kila mwaka. Sisi tukitoa toleo jipya la programu tunaorodhesha mabadiliko. Wao wanashindwa nini?