Tupime umeme kabla ya kufunga virago

Kuhama ni jambo la kawaida kwa mkazi wa Eastlands, jijini Nairobi. Kila mwisho wa mwezi mikokoteni hupita katika barabara za Kayole, Dandora na Umoja ikiwa imebeba kitanda, godoro, jiko na masufuria ya jamaa fulani. Wako pia wanaohama na nyumba yenyewe. Huko Mukuru, mwenye chumba cha mabati hung'oa misumari, akayafunga mabati na mbao kwa kamba, kisha akakisimamisha chumba kile kile mahali pengine. Wala si wote wanaohama kwa hiari. Mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa, na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 Serikali iliwaamuru waliokaa kando ya mito waondoke.

Katika hamahama hiyo, kitu ambacho aghalabu hutangulia kupotea ni mwanga. Chumba kipya huenda hakijaunganishwa na umeme, au vyumba kumi vinategemea mita moja iliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Basi wengine huangukia umeme wa "sambaza", ule unaovutwa kinyume cha sheria kwa nyaya zinazoning'inia juu ya mabati, na ambao umekwisha kuua watu. Wengine hurudia koroboi, na mwanafunzi akafungua daftari lake huku moshi ukimwasha macho.

Ndiyo maana kasha la betri la kubebeka limepata wanunuzi. Ndani yake mna betri ya lithiamu. Nje mna soketi, matundu ya kuchajia simu, na mahali pa kuunganisha paneli ya jua. Familia inayojiandaa kuhama hulitazama kasha hilo kama mkombozi, ikatoa akiba ya miezi mingi, ikalinunua kwa maneno ya muuzaji. Hapo ndipo penye hatari ya kuuziwa mbuzi katika gunia.

Maoni yangu ni haya: kasha lipimwe kabla ya kuhama, nyumba ya zamani ingali na umeme, na anayefaa kulipima ni mwanafunzi wa nyumba hiyo. Sababu ya kuharakisha iko wazi. Baada ya kuhama, familia hushughulika na paa linalovuja na mlango usiofungika. Risiti hupotea, siku za kurudisha bidhaa hupita, na duka huwa limebaki ng'ambo ya pili ya jiji. Aliyepima mapema ana soketi ya kulichajia kasha, ana muda, na ana risiti mkononi.

Hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Makasha mengi hunadiwa kwa tarakimu kubwa, kwa mfano milliampea-saa 100,000. Mnunuzi akisikia laki moja hustaajabu. Lakini tarakimu hiyo ni sawa na ampea-saa 100, na katika betri za lithiamu mara nyingi huhesabiwa kwa volti 3.7. Zidisha, utapata wati-saa 370. Betri ya gari yenye ampea-saa 100 ina volti 12, yaani wati-saa 1,200. Ampea-saa ni zile zile, lakini nguvu iliyohifadhiwa haifiki hata theluthi moja. Anayeuza kwa kutaja ampea pasipo volti hajakwambia neno.

Tena, si wati-saa zote 370 zinazofika kwenye taa. Sehemu fulani hupotea kama joto umeme wa betri unapogeuzwa kuwa umeme wa soketi. Tukikadiria hasara ya asilimia 15, zinabaki kama 314. Sasa tuorodheshe mahitaji ya usiku mmoja. Taa tatu za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 105. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa tatu ni 120. Redio ya wati 5 kwa saa nne ni 20. Simu mbili ni kama 30. Jumla ni 275. Kasha litatosha, lakini kwa usiku mmoja tu, na ziada yake ni ndogo. Asubuhi lazima lichajiwe. Ikiwa tegemeo ni paneli ya jua, familia ikumbuke kwamba Nairobi ya mwezi Julai hufunikwa na mawingu mchana kutwa.

Baada ya hesabu huja jaribio. Lichaji kasha mpaka lijae. Unganisha balbu ya zamani ya wati 60, kisha andika saa uliyoiwasha. Kwa hesabu yetu, balbu iliyowashwa saa kumi na mbili jioni inapaswa kuzimika yapata saa tano na robo usiku. Ikizimika saa tatu, kasha limetoa wati-saa 180 tu, na hiyo ni takriban nusu ya kilichoandikwa. Lirudishwe dukani. Likiwa linachajiwa, liguse mara kwa mara. Likipata joto la kutisha au likivimba, lichomoe na usilitumie tena. Soma pia kikomo cha wati cha soketi. Kasha la wati 300 haliwezi kuendesha pasi ya umeme ya wati 1,000, hata liwe limejaa pomoni. Na katika chumba kimoja, kasha lisichajiwe karibu na mlango, kwani likishika moto litaziba njia ya pekee ya kutokea.

Najua watakaouliza: kwa nini mnyonge afundishwe kupima betri, badala ya kudai umeme halali kama mwananchi mwingine yeyote? Swali hilo ni la haki, na dai hilo lisiachwe. Mradi wa Dandora, ulioanza miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulionyesha kwamba mtu wa kipato cha chini akipewa kiwanja chenye maji na choo ataongeza vyumba mwenyewe. Huduma ilitangulia, nyumba ikafuata. Kasha la betri lisiwe kisingizio cha kuwaacha watu wa Mukuru gizani. Lakini madai huchukua miaka, na mtihani wa mtoto haungojei. Isitoshe, hata mwenye mita hana salama kamili. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia giza. Umeme ulipotea tena kote nchini Novemba na Desemba mwaka huo huo.

Kwa walimu nina ombi moja. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Wati, volti na ampea hufundishwa ubaoni, zikakaririwa, zikaandikwa katika mtihani, kisha zikasahauliwa. Mwalimu wa fizikia wa Eastlands ana maabara katika kila ploti. Awape wanafunzi kazi ya kuorodhesha vyombo vya umeme vya nyumbani, kusoma wati zake, na kukadiria matumizi ya usiku mmoja. Atakayeweza hayo hatadanganywa dukani, wala wazazi wake hawatadanganywa.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuwakosoa wakubwa kwa adabu katika jambo hili. Mzazi aliyeacha shule mapema anaweza kuijua bei ya kasha asijue maana ya maandishi yaliyo ubavuni mwake. Msomee. Kaa naye jioni moja, mwashe balbu, mtazame saa pamoja. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na fedha zitakazookolewa hapo huenda ndizo kodi ya mwezi wa kwanza katika chumba kipya.